Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi: Miaka 80 ya Kulinda Kumbukumbu za Katanga

Mwaka 2026 Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi yanatimiza miaka 80. Katika mji ambao wenyewe haujafikisha miaka 120, huo ni umri wa kuheshimiwa. Makumbusho haya yamepitia utawala wa Wabelgiji, kujitenga kwa Katanga, miaka ya Mobutu, kuporomoka kwa kampuni ya migodi ya Gécamines na vita vya mwishoni mwa karne iliyopita. Yamebadilishiwa jina, wakubwa na bendera. Vitu vilivyomo ndani yake, hata hivyo, vimeendelea kutoa ushahidi uleule: historia ya nchi hii haikuanza siku reli ilipofika.

Ushahidi huo una uzito wa pekee hapa. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini, kupitia Rhodesia, ikafika, na Wabelgiji wakaupima mji na kuuita Élisabethville kwa heshima ya malkia wao. Mwaka uliofuata tanuri la Lubumbashi likaanza kuyeyusha shaba. Vijana waliletwa kutoka Kasai, kutoka Rhodesia ya Kaskazini na kutoka Ruanda-Urundi, wakapangwa katika makambi ya kampuni, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kazi na baadaye lugha ya watoto wao. Bomba refu la kiwanda na mlima mweusi wa taka za shaba vikawa alama ya mji. Mtoto aliyezaliwa kambini angeweza kukua akiamini kwamba shaba ya Katanga iligunduliwa na mhandisi wa Kizungu, na kwamba kabla yake palikuwa na pori tu.

Makumbusho, ambayo nayo yalianzishwa na wakoloni, ndiyo yaliyokuja kuubomoa uongo huo.

Jina la mfalme mlangoni

Mwanzilishi wake alikuwa Francis Cabu, Mbelgiji aliyekuwa na shauku kubwa ya historia ya kale. Alikusanya zana za mawe na masalia mengine kutoka sehemu mbalimbali za Katanga, na mwaka 1946 mkusanyo huo ukapata nyumba yake: Musée Léopold II. Mfalme aliyepewa heshima hiyo ndiye aliyeimiliki Kongo kama shamba lake mwenyewe kuanzia 1885 hadi 1908. Jina lilieleza wazi nyumba ilikuwa ya nani.

Mwaka huohuo wa 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua mjini karakana ya wachoraji iliyojulikana kama Hangar. Humo ndimo majina ya Pili Pili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga yalipojulikana, kwa picha za samaki, ndege na nyoka zilizosafiri hadi Ulaya. Kwa hiyo mji wa migodi ulipata kwa wakati mmoja nyumba ya vitu vya kale na nyumba ya sanaa mpya. Tangu hapo mambo hayo mawili hayajaachana Lubumbashi, na historia ya makumbusho haiwezi kusimuliwa bila ya wachoraji wake.

Katika miaka ya 1950 bei ya shaba ilikuwa nzuri na mji ulijengwa kwa kasi. Msanifu Claude Strebelle na wenzake walichora kituo cha utamaduni katikati ya mji: ukumbi wa tamthilia, shule ya muziki na makumbusho. Mpango ulikuwa wa kuwapa Wazungu wa Élisabethville starehe za mji mkubwa. Historia ilikuwa na mpango mwingine. Ukumbi wa tamthilia ukageuka bunge wakati Katanga ilipojitenga, na leo, kwa jina la Jengo la 30 Juni, ndimo bunge la mkoa linamokaa. Nayo makumbusho yakabaki na wana wa mji.

Makaburi ya Ziwa Kisale

Kabla ya uhuru kulifanyika kazi moja iliyobadilisha kabisa tunavyoifahamu Katanga. Kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, pale mto Lualaba unapotambaa katika bonde la Upemba na kumwagika katika mlolongo wa maziwa, kuna mahali panaitwa Sanga, kando ya Ziwa Kisale. Wavuvi walikuwa wakiokota vyungu vya ajabu kwenye kingo za maji. Mwaka 1957 na 1958 Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walifukua hapo. Hiernaux alikuwa pia mkuu wa chuo kikuu kilichofunguliwa Élisabethville mwaka 1956. Wakakuta makaburi zaidi ya mia moja. Mwaka 1959 Hiernaux akaendelea na makaburi ya Katoto, upande wa Bukama.

Katika miaka ya 1974 na 1975 Pierre de Maret alirudi bondeni na kupanua kazi hiyo hadi Katongo, Kamilamba, Kikulu na Malemba-Nkulu. Kwa kulinganisha vyungu na kupima umri wa makaa, aliweza kupanga makaburi hayo katika mfululizo mmoja wa vipindi kuanzia takriban karne ya 6 au ya 7 hadi nyakati za ufalme wa Waluba. Ni sehemu chache sana katika Afrika ya kati ambako maisha ya watu wa eneo moja yanaweza kufuatwa hivyo, kizazi baada ya kizazi, kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Makaburi ya kipindi kinachoitwa Kisale ya klasiki, yaani karibu na karne ya 11 na ya 12, ndiyo yenye utajiri kuliko yote. Marehemu alizikwa na vyungu vingi vilivyotengenezwa kwa ustadi, vingine havionyeshi dalili ya kutumika jikoni, kana kwamba vilifinyangwa kwa ajili ya safari hiyo tu. Mtoto alipewa vyungu vidogo, mtu mzima vikubwa. Kulikuwa na bangili na mikufu ya shaba, visu na mikuki ya chuma, vito vya pembe za ndovu, ndoana na vyusa vya kuvulia samaki. Kulikuwa pia na majiko ya udongo yenye pembe tatu, ya aina ambayo wavuvi wa Lualaba wameendelea kuipakia kwenye mitumbwi yao ili wapike wakiwa majini.

Kitu kidogo kuliko vyote ndicho kinachopaswa kumsimamisha msomaji wa pwani. Ndani ya makaburi hayo zilipatikana kauri, ambazo haziishi katika Lualaba wala katika ziwa lolote la Kongo. Zimetoka Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 1,000 mashariki, zikipita mkono hadi mkono, kijiji hadi kijiji. Katika enzi ambayo Kilwa ilikuwa ikistawi kwa biashara, mtu wa Sanga alikuwa anazikwa na kitu kilichotoka baharini. Wala hakuna haja ya kudhani kwamba misafara ya Waarabu ilifika huko wakati huo. Majirani walipeana vitu, na hilo lilitosha.

Kaburi jingine, la zamani zaidi, lilikuwa na mtu aliyezikwa na shoka la heshima ambalo mpini wake ulipambwa kwa misumari ya chuma, na karibu na kichwa chake fuawe la mhunzi. Mwaluba akiona vitu hivyo hahitaji maelezo. Katika mapokeo ya Waluba mfalme na mhunzi hawako mbali. Mfalme husimikwa kwa ishara za uhunzi, na pini za chuma zenye umbo la fuawe dogo huvaliwa kichwani na wenye cheo. Wasimulizi walikuwa wakisema kwamba shujaa wao Kalala Ilunga alileta uhunzi na ufalme wa kiungwana. Ardhi imejibu kwamba alama za utawala huo zilikuwepo mamia ya miaka kabla ya himaya kubwa ya Waluba kuenea.

Msalaba uliotangulia padri

Kuanzia takriban karne ya 13 kitu kipya kilianza kuonekana makaburini: msalaba wa shaba. Hauhusiani na Ukristo, ambao ulikuwa haujafika. Ni kipande cha shaba chenye mikono minne kilichomiminwa katika kalibu. Ya mwanzo ilikuwa mikubwa na michache, ikiwekwa juu ya kifua cha marehemu, na inaonekana ilikuwa alama ya cheo au mali ya kutolea mahari na kodi. Karne zilivyopita ikawa midogo, mingi, na ya vipimo vinavyokaribiana. De Maret aliipima na kuilinganisha, akahitimisha kwamba ilikuwa imegeuka fedha. Watu wa bonde la Upemba, ambako hakuna migodi ya shaba, waliipata kutoka ukanda wa shaba ulioko kusini kwao.

Huko kusini, kazi ya kuyeyusha ilikuwa na utaratibu wake. Ilifanywa wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, wanaume wa ukoo wakitoka pamoja chini ya kiongozi mwenye elimu ya kazi na ya miiko yake. Walichimba malakiti, lile jiwe la kijani ambalo kila mwenyeji wa Katanga analijua, wakaliponda na kulisafisha. Tanuri lilijengwa kwa udongo wa vichuguu kwa kuwa unastahimili moto. Makaa yakapangwa, mivukuto ikapulizwa kwa zamu, na shaba iliyoyeyuka ikaelekezwa kwenye kalibu. Kazi hii watu wa kabila la Wasanga na baadaye Wayeke wa Msiri waliifanya hadi mwisho wa karne ya 19. Msiri mwenyewe, aliyekuja kutoka Unyamwezi na kujenga ufalme wake Bunkeya, alipata nguvu kwa shaba, pembe na watumwa. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na wajumbe wa Mfalme Leopold. Mwaka 1924 mmisionari Jean-Félix de Hemptinne aliwakusanya wazee waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo, wakairudia mbele yake, naye akaiandika katika makala kuhusu “wala shaba” wa Katanga. Miaka 13 tu baada ya tanuri la Wazungu kuwashwa, kazi ya karne nyingi ilikuwa tayari inaoneshwa kama kumbukumbu.

Msalaba huo haukukaa makaburini. Moïse Tshombe alipotangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960, misalaba mitatu ya shaba iliwekwa kwenye bendera, na mwaka uliofuata msalaba ukapigwa kwenye sarafu. Kitu kilichokuwa cha Wasanga, Waluba na majirani zao kikafanywa nembo ya siasa iliyoungwa mkono na kampuni ya migodi. Kujitenga kuliisha Januari 1963. Tangu hapo msalaba umekuwa kitu chenye kuuma kwa wengine na chenye fahari kwa wengine, na makumbusho ni miongoni mwa mahali pachache mjini ambapo unaweza kuutazama bila ya kuulizwa uko upande gani.

Zaire, Shaba na Kinshasa

Mwaka 1966 Élisabethville ikawa Lubumbashi. Mwaka 1970 Mobutu aliunda Taasisi ya Makumbusho ya Taifa, yenye makao Kinshasa, na kuipa kazi ya kusimamia makumbusho yote ya nchi. Lucien Cahen, mkurugenzi wa makumbusho ya Tervuren huko Ubelgiji, aliiongoza mwanzoni akiwa na vyeo vyote viwili kwa pamoja. Nchi ikawa Zaire, jimbo la Katanga likaitwa Shaba, na siasa ya uhalisi ikawataka watu warudi kwenye asili yao. Tarehe 4 Oktoba 1973, mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Mobutu alidai nchi tajiri zirudishe vitu vya sanaa zilivyochukua. Kati ya 1976 na 1982 Tervuren ilipeleka Kinshasa vitu 114. Ukilinganisha na mali iliyoko kule, hilo lilikuwa tone.

Hiyo pia ilikuwa miaka ya kazi nzuri. Guy de Plaen aliyaongoza makumbusho ya Lubumbashi, na mwaka 1989 aliyaeleza katika jarida la UNESCO kuwa ni ya aina ya pekee nchini. Daniel Cahen alichunguza zana za mawe za kale mno kando ya mto Kamoa, karibu na Kolwezi, na kuchapisha kazi yake mwaka 1975. Siku hizi jina Kamoa linajulikana zaidi kwa mgodi mkubwa wa shaba. Pango la Kiantapo, lenye alama zilizokwaruzwa na kutobolewa ukutani, lilikuwa tayari limeandikiwa kitabu na padri Henri Breuil mwaka 1952. Pamoja na sanaa ya Waluba, Wahemba, Watabwa, Wasongye na Wachokwe, mambo hayo yaliwapa wageni wa makumbusho njia ndefu ya kupitia, kutoka jiwe hadi chuma, kutoka chuma hadi shaba, kutoka shaba hadi mbao iliyochongwa.

Baadaye fedha zikakauka. Gécamines, iliyotoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilianguka baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990. Mji mzima ulioishi kwa mshahara wa kampuni ulibaki na magunia ya unga ya kukopa. Katika hali hiyo nani angekumbuka kununua balbu za makumbusho? Yaliyobaki yamebaki kwa sababu kulikuwa na wafanyakazi waliokuja kazini hata mishahara ilipokosa maana. Katika sherehe yoyote ya miaka 80 hao ndio wanaostahili kutajwa kwanza.

Kumbukumbu kutoka mitaani

Uhai mpya haukutoka serikalini. Ulitoka katika mitaa ya Katuba, Kenya na Kamalondo. Kwa muda mrefu familia za wafanyakazi zilikuwa zinatundika sebuleni picha za kuchorwa: mamba muntu (nguva), msafara wa watumwa, askari akimchapa mfungwa wakati wa utawala wa Wabelgiji, Lumumba akiwa amefungwa kamba. Tshibumba Kanda-Matulu alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi katika picha zaidi ya mia moja na kumweleza kila moja, kwa Kiswahili cha Lubumbashi, mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Ni kazi mojawapo kubwa ya historia iliyowahi kusimuliwa kwa lugha yetu. Picha zenyewe ziko Amsterdam.

Mwaka 2000 wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakiongozwa na Donatien Dibwe dia Mwembu kwa kushirikiana na Bogumil Jewsiewicki wa Québec, walianzisha mradi wa Mémoires de Lubumbashi. Wakazi walialikwa kusimulia, na maonyesho ya miaka iliyofuata yalihusu kazi, wanawake, mavazi, muziki na maisha ya nyumbani. Makumbusho, wakati huo chini ya Donatien Muya wa Bitanko, yaliwafungulia milango. Mtu aliyestaafu Gécamines alipoona vitu vya kizazi chake vikiwa mahali palepale panapowekwa vyungu vya Sanga, alielewa bila ya hotuba kwamba yeye naye ni sehemu ya historia.

Wasanii vijana wakafuata. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi na kuziweka juu ya magofu ya viwanda vya leo. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Picha, chama kilichoanza mwaka 2008 kuandaa mikutano ya sanaa ambayo baadaye ikawa Biennale ya Lubumbashi, na makumbusho yamekuwa mojawapo ya mahali pake. Patrick Mudekereza na kituo cha sanaa cha Waza nao wamewarudisha wanafunzi na wasanii kwenye vitu vya kale ili waviulize maswali mapya.

Vilivyoko ng'ambo

Hata hivyo, anayetaka kuona kazi bora kabisa za Katanga bado anahitaji viza. Sanamu ya mtemi Lusinga, wa Watabwa, iko Tervuren. Ilichukuliwa na luteni Émile Storms baada ya watu wake kumwua Lusinga Desemba 1884, na fuvu la mtemi huyo lilipelekwa Ubelgiji pia. Mwaka 2022 sanamu ya Storms iliondolewa katika uwanja mmoja wa Brussels. Viti vya wafalme, viegemeo vya pinde na ubao wa lukasa, ambao wanachama wa chama cha Mbudye walisoma historia ya Waluba kwa kupapasa shanga zake, vimetawanyika kati ya Ulaya na Marekani.

Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alifika Kinshasa na kinyago cha Wasuku kikakabidhiwa kwa mkopo wa muda usio na mwisho. Katika ziara hiyohiyo alizungumza katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kinshasa sasa ina jengo jipya la makumbusho, lililofunguliwa mwaka 2019 kwa msaada wa Korea Kusini. Lubumbashi inasubiri zamu yake. Haitoshi kudai virudi. Panahitajika paa lisilovuja, umeme usiokatika, daftari kamili la kila kitu kilichomo na watu waliosomeshwa kuvitunza.

Kinachodaiwa sasa

Kongo sasa inachimba zaidi ya tani milioni 2.5 za shaba kwa mwaka, nyingi zaidi kuliko Gécamines ilivyowahi kuota. Mashine zinapita kwenye ardhi ileile ambamo Wasanga walijenga matanuri yao, na kila kilima kinachosawazishwa bila ya mwanaakiolojia kupita kwanza ni ukurasa unaochanwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la shaba ya Katanga liko katika makumbusho haya, na sehemu ndogo ya mapato ya migodi ingetosha kulilinda na kuliongezea kurasa. Mkoa ulifanye hilo kuwa sharti la leseni, siyo sadaka ya kampuni.

Kwa wengine wetu kazi ni rahisi zaidi. Ukiwa Lubumbashi, ingia makumbusho na mtoto wako. Ukiwa na picha ya babu akiwa na kofia ya mgodini, au msalaba wa shaba uliokaa kabatini tangu enzi za bibi, usimwuzie mchuuzi anayepita. Wape nafasi wanaotunza waupige picha na kuandika ulikotoka. Taasisi ya miaka 80 haihitaji keki. Inahitaji wenyeji.